Mama mkwe anataka kaburi la mume wangu lifukuliwe

Mshauri,

Barua hii nimeiandika mara tatu nikaichana. Ya leo nitaituma hata ikitoka vibaya.

Mimi ni mjane wa miaka 37, naishi Umoja, nashona nguo kwenye kibanda changu soko la Mutindwa. Mume wangu alikuwa mwanajeshi. Aliuawa El Adde, Somalia, alfajiri ya Ijumaa tarehe 15 Januari 2016, al-Shabaab walipovamia kambi yao. Mwezi huu imetimia miaka kumi. Binti yetu alikuwa na miaka miwili na kidogo. Sasa yuko Gredi ya 7 na viatu vyangu vinamtosha.

Baada ya shambulio tulikaa wiki kadhaa bila habari. Mama mkwe alitolewa mate shavuni kwa pamba, na shemeji yangu mkubwa pia, ili walinganishwe na miili. Kisha tukaitwa. Shemeji ndiye aliyeingia mochari, mimi nikabaki nje kwenye benchi. Alipotoka alisema, "Ni yeye," akaenda moja kwa moja kwenye mfereji kunawa mikono. Alinawa muda mrefu sana. Tangu siku hiyo hajaongeza neno.

Jeneza lilikuja limefungwa na tukaambiwa lisifunguliwe. Tulimzika kwao Vihiga. Bendera iliyofunika jeneza ilikunjwa nikakabidhiwa, risasi zikapigwa hewani, binti yangu akalia kwa kuogopa mlio. Mama mkwe hakulia. Aliuliza mara moja tu, "Mbona simwoni?" Wazee wakamwambia avumilie, ndivyo ilivyoamriwa.

Sasa shida yangu. Krismasi iliyopita tulienda nyumbani, na usiku wa pili Mama aliniita jikoni kwake. Akaniambia, "Kwetu mtu akipotea asipatikane tunazika mgomba. Mgomba kila mtu anajua ni mgomba. Unalia, unamaliza. Nyinyi mlinizikia sanduku. Sijui kama ni mwanangu aliye hapo nje ama ni mtoto wa mwanamke mwingine, na wangu yuko kwa boma la watu." Anataka twende kortini tuombe kaburi lifukuliwe na DNA ipimwe upya. Ana miaka 74, ana sukari, na mguu una kidonda kisichopona. Anasema hataki kufa kabla hajajua. Kuna jirani aliyemwambia kwamba wapo wanajeshi waliotekwa siku ile, na tangu hapo mbwa wakibweka usiku anatoka nje kuangalia barabara.

Wakili waliyemuuliza amewaambia kwamba mimi, kama mke, ndiye ninayefaa kutangulia kwenye ombi hilo. Shemeji mdogo anamuunga mama mkono, na amesema mbele ya watu kwamba naogopa kwa sababu ya pensheni, ati ikipatikana siye nitaulizwa pesa. Sikumjibu. Shemeji mkubwa yuko Eldoret, hata Krismasi hakuja.

Mimi sitaki kaburi liguswe. Kila likizo ya Aprili binti yangu hupalilia pale, hukaa chini akamsomea baba yake alama zake za mtihani. Ikiwa tutachimba tupate ni mtu mwingine, nimwambie nini? Na kama ni yeye, tutakuwa tumemsumbua bure. Nikikataa nako, Mama atakufa akinihesabu adui, na huyu mama hajawahi kuwa mbaya kwangu. Nilipojifungua ni yeye alinikanda.

Kuna jambo lingine dogo. Usiku wa Alhamisi, kabla ya shambulio, mume wangu alipiga simu. Mama alikuwa kwangu hapa Nairobi, alikuja kliniki. Aliniuliza, "Mama yuko? Nipe nimsalimie." Nikamwambia amelala, amechoka, mtaongea kesho. Sijamwambia mtu.

Je, nitie sahihi au nikatae?

Mjane, Umoja

*

Dada yangu,

Asante kwa kutoichana ya nne. Pole. Najua pole umepewa nyingi kwa miaka kumi, nyingine na watu waliokuwa na haraka ya kuondoka. Yangu nakupa nikiwa nimekaa chini.

Ngoja nirudie ulichoniambia, unisahihishe nikikosea. Ulimzika mumeo bila kumwona. Wewe uliamua kuamini, kwa sababu ulikuwa na mtoto mgongoni na kodi ya kulipa, na asiyeamini haamki asubuhi akashona. Mama mkwe hakuweza kuamini, naye akanyamaza miaka kumi. Sasa mwili wake unamwambia muda umekwisha, na anakuomba ufungue kitu ambacho maisha yako yote yamesimama juu yake. Kati yenu yuko mtoto, na wako mashemeji wawili, mmoja anayesema sana na mmoja asiyesema lolote. Umeniuliza swali la ndiyo au la. Naomba uniruhusu nisilijibu haraka, kwa maana nadhani ndani ya barua yako mna maswali matatu au manne yaliyofungwa kwa kamba moja.

Nianze na lile jeneza. Mama anaamini lilifungwa ili asijue. Sidhani kama kuna mtu aliyewahi kukaa naye akamweleza sababu nyingine. Jenerali Samson Mwathethe, aliyekuwa Mkuu wa Majeshi wakati huo, alisema bomu la gari lililotumiwa El Adde lilikuwa na nguvu mara tatu ya lile lililolipua ubalozi wa Marekani hapa Nairobi tarehe 7 Agosti 1998. Sisi tuliokuwa mjini 1998 hatuhitaji kuelezwa zaidi. Watu 213 walikufa hapa, na wapo waliozikwa katika majeneza ambayo hayangeweza kufunguliwa mbele ya mama. Kulifunga kunaweza kuwa huruma. Lakini huruma isiyoelezwa, kwa yule anayehurumiwa, hufanana sana na udanganyifu, na mama yako amekuwa akiishi na udanganyifu huo wa kudhania kwa miaka kumi.

Tena shaka yake haikuzaliwa jikoni kwake. Baada ya El Adde hatukuwahi kutangaziwa rasmi idadi kamili ya askari wetu waliokufa. Rais wa Somalia wa wakati ule, Hassan Sheikh Mohamud, alitaja kati ya 180 na 200. Jeshi la Kenya likaikana hesabu hiyo. Ibada ya kitaifa ilifanyika Eldoret tarehe 27 Januari 2016, marais watatu wakahudhuria. Al-Shabaab nao walidai wamewateka askari kadhaa. Mama wa kijijini akisikia hesabu zinapingana, na akasikia neno "kutekwa", atafanya nini kama si kutoka nje mbwa wakibweka? Mtu akimwita mama huyo mkaidi, au akisema uzee umemwingia, tafadhali usikubali.

Lile neno lake la mgomba nimelisoma mara nyingi. Desturi ya kuzika mgomba waliiweka watu waliojua mambo. Waluo nao huzika tunda la yago mwili usipopatikana. Waliojua kwamba kuna vifo visivyorudisha maiti waliwapa wafiwa kitu cha kuzika ambacho hakijifanyi kuwa mtu. Hakuna anayedanganywa, kila mtu hulia juu ya ukweli. Mama hakukwambia kwamba anataka mifupa. Alikwambia kwamba mgomba ungempa alichokosa kwenye sanduku: kujua analilia nini. Naweza kuwa nimemsoma vibaya. Wewe unayemjua ndiye utakayepima.

Sasa niseme kuhusu kufukua, kwa kuwa umeuliza na si jambo la kuzungukwa.

Linawezekana. Linahitaji amri ya mahakama na kibali cha maafisa wa afya, na mahakama zetu haziruhusu kaburi lifunguliwe ovyo. Zinataka sababu nzito. Shaka ya mama peke yake huenda isitoshe, na wakili mwaminifu atawaambia hivyo kabla ya kuchukua hela zenu. Kwa upande wa kupima, miaka kumi si mingi. Argentina walipoteza askari 649 mwaka 1982 kwenye vita na Uingereza vya kugombea visiwa vya Malvinas (Falkland), na zaidi ya mia moja walizikwa kule visiwani chini ya maandishi "Askari wa Argentina anayejulikana na Mungu tu". Mwaka 2017, baada ya miaka 35, wataalamu wa Msalaba Mwekundu walifungua makaburi 121, wakachukua sampuli ndogo ndogo, wakarudisha kila mmoja mahali pake siku hiyo hiyo. Kabla ya mwaka kwisha walikuwa wamewatambua 88. Machi 2018 jamaa zao walisafiri wakasimama mbele ya jina. Wengine walikuwa mama wazee, wa umri wa mama yako na zaidi.

Lakini naomba uone tofauti. Wale walijua hawajui. Jiwe lenyewe lilisema hivyo, na kila familia iliulizwa kwanza kama inataka kujua, na waliokataa waliheshimiwa. Kaburi la Vihiga lina jina. Kulifungua ni kuliondolea jina kwa muda, labda miezi, na binti yako wa miaka 12 atakuwa akiishi ndani ya miezi hiyo. Kuna majirani wenye simu. Kuna waandishi wa habari, ambao habari ya namna hii hawataiacha. Na majibu yakija yanaweza kuwa ya namna zaidi ya mbili. Yanaweza kusema ni yeye. Yanaweza kusema siye, na hapo mtakuwa na misiba miwili, wenu na wa familia nyingine mahali fulani nchini ambayo itapigiwa simu kuambiwa. Yanaweza pia kusema kitu ambacho hakuna anayependa kukitaja: kwamba bomu liliwachanganya waliokuwa pamoja. Je, Mama ameshaelezwa hilo? Je, wewe ungelibeba?

Kukataa nako kuna gharama yake, na umeiona mwenyewe. Kaburi utalilinda, lakini kila ukienda Aprili utalikuta lina macho mawili yanayokuangalia kutoka mlango wa jikoni. Siku Mama akizikwa kando yake, nawe ukijua alikwenda na swali, sijui kama amani unayoilinda leo itakuwepo.

Kuna mlango mwingine ambao sijaona ukiutaja, na nadhani ni kwa sababu hakuna aliyekuonyesha. Mate ya Mama yalichukuliwa. Kwa hiyo mahali fulani panapaswa kuwa na karatasi inayosema yalilinganishwa na nini na yakapatana vipi. Kuna sehemu ya DNA ambayo kila mtu huirithi kwa mama yake peke yake, na ndiyo sababu mama hutafutwa mapema kwenye kazi hii. Je, karatasi hiyo mliwahi kuiona? Una haki ya kuiomba kwa barua, kama mke. Tangu 2016 tuna Sheria ya Upatikanaji wa Habari, inayompa ofisa wa umma siku 21 kukujibu. Anaweza kukunyima kwa hoja ya usalama wa taifa, sikufichi. Hata akikunyima, kukataliwa kwa maandishi ni kitu ambacho wakili anaweza kwenda nacho mahakamani. Na ukiipata, usimpelekee Mama ikiwa imekunjwa kwenye bahasha. Mtafute daktari au mwuguzi anayesema lugha yake, akae naye barazani amweleze polepole, amwache aulize yale yote aliyonyimwa kuuliza siku ya mazishi.

Kisha yuko shemeji yako wa Eldoret. Ndiye mtu pekee wa familia aliyeingia chumba kile. Umeniandikia kwamba alinawa mikono muda mrefu, na tangu siku hiyo hajasema. Naona familia nzima imekuwa ikimzunguka kama watu wanaozunguka kisima kilichofunikwa. Huenda alimtambua ndugu yake kwa alama fulani, kidole, jino, kovu la utotoni, na akaapa asimwambie mama yake jinsi alivyomkuta. Huenda pia hakumtambua kabisa, akasema "Ni yeye" kwa sababu aliambiwa vipimo vimepatana na hakutaka wewe uliyekuwa kwenye benchi uingie. Sijui ni lipi. Ninachojua ni kwamba vita havimalizani na waliokuwa kambini peke yao. Huyu hakushika bunduki, lakini nyumbani kwao siku za Krismasi hakanyagi. Msimlazimishe. Lakini je, kuna aliyewahi kumuuliza yeye anaendeleaje, kabla ya kumuuliza aliona nini? Huenda akahitaji mshauri wake mwenyewe, au kasisi, au mtu aliyewahi kuvaa sare.

Maneno ya shemeji mdogo kuhusu pensheni yameuma, na nimeona ulivyoyapita haraka. Mjane akikaa kimya huitwa mwenye njama, akisema huitwa mchoyo. Pesa hiyo ni ya mtoto aliyeachwa na baba aliyekufa kazini. Muulize wakili mbele ya shemeji, mara moja, aeleze sheria inasemaje, neno hilo life hapo.

Nimeliacha kwa makusudi lile uliloliita jambo dogo.

Umeliandika kwa mistari michache, chini kabisa, kama mtu anayeweka kitu mlangoni akakimbia. Mume wako aliomba kumsalimia mama yake, nawe ukasema amelala. Dada yangu, ulikuwa na mgonjwa wa sukari aliyechoka, usiku, katika nyumba ya kupanga Umoja. Ulimwacha mzee alale. Mwanamke yeyote mwenye adabu angefanya hivyo, na yeye mwenyewe hakuona ubaya, maana kesho ilikuwepo. Al-Shabaab ndio walioiondoa kesho hiyo. Hukuiondoa wewe.

Hata hivyo nakuuliza swali, na huna haja ya kunijibu mimi. Unaposema hutaki kaburi lifunguliwe, je, ni kaburi la Vihiga unaloliogopa, au ni usiku ule wa Alhamisi? Unaogopa kwamba wakianza kufukua, mambo yote yatatoka pamoja na hilo? Mtu akibeba siri miaka kumi, kila anayeshika jembe humwona anakuja upande wake.

Sikwambii umwambie Mama. Kuna hatari, na ni ya kweli. Anaweza kukasirika, akasema ulimnyima sauti ya mwisho ya mwanawe. Anaweza kunyamaza wiki nzima. Afya yake si nzuri, na siku ya kuambiwa neno kama hilo haichaguliwi ovyo. Isiwe kwa simu, isiwe mbele ya shemeji. Lakini ufikirie pia upande huu: kwa miaka kumi mama huyo anajua kwamba mwanawe alikufa bila neno kwake. Hajui kwamba aliulizwa, kwamba jina lake lilikuwa mdomoni mwake usiku ule. Wewe unaona ni hatia uliyoificha. Yeye anaweza kuona ni salamu iliyochelewa. Au asione hivyo. Hapa siwezi kukuongoza zaidi ya kukuonyesha kwamba kitu ulichokishika kina pande mbili.

Nifunguke kidogo. Nikipita Kenyatta Avenue huwa naziangalia zile sanamu tatu za askari na wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia, na jina la mtaa wa Kariakor halinitoki, kwa kuwa limebaki kutoka kwa kikosi kile cha wapagazi. Walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi kwa maradhi na uchovu kuliko risasi. Mwaka 2021 tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, huenda hata 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa majina, na huenda wengine hawakukumbukwa kabisa. Kila mmoja alikuwa na mama aliyetoka nje mbwa walipobweka. Ndiyo maana Mama akisema anataka kujua aliyelala bomani kwake, moyo wangu unasimama upande wake. Ukisema mtoto wako aachwe apalilie kwa amani, unasimama upande wako. Sijaweza kuchagua, na sidhani ni haki yangu.

Kuhusu binti: ana miaka 12, na nyumba za kijijini kuta zake ni nyembamba. Huenda anajua zaidi ya unavyodhani. Kabla hajasikia kwa binamu, asikie kwako kwamba bibi ana swali kuhusu baba, na kwamba watu wazima wanalitafutia jibu. Mwache aulize. Usimwahidi jibu usilokuwa nalo.

Sahihi yako haina tarehe ya mwisho leo. Unaweza kumwambia Mama, "Sijakataa. Nipe nitafute ile karatasi kwanza, na tuitafute pamoja." Kama baada ya karatasi, baada ya shemeji, baada ya lile jingine, bado atataka kaburi lifunguliwe, mtakuwa mnaamua watu wawili mnaojua kitu kile kile. Sasa hivi kila mmoja wenu anashika nusu.

Aprili mkienda, nenda siku moja kabla ya wengine, kama nauli inaruhusu. Mkae na Mama pale jikoni, mguu wake uoshwe, chai iive. Ukiona maneno yanakuja, yaache yaje. Ukiona hayaji, mtakuwa mmekunywa chai. Kisha uniandikie. Ningependa kujua mguu unaendeleaje.